Minyaa ya Mpakani

Ningeweza kukataa. Ilikuwa baada ya Krismasi, watoto wanajiandaa kurudi mijini walikotoka, na mwanangu mkubwa alikuwa amekaa barazani na kikombe cha chai. Aliangalia upande wa mdogo wangu, akaona jinsi migomba yao na yetu ilivyoachana, akaona mke wa mdogo wangu ameketi nje anamenya ndizi, uso umeelekea kwetu. Akasema, "Baba, hapa mnaishi kama mko sokoni. Pandeni kitu mpakani. Kitu kinachokua haraka." Mke wangu alikuwa anachambua maharage. Nami nikasema sawa, nitalishughulikia kabla ya masika.

Kihamba chetu, shamba la urithi la ukoo, kiko Kibosho. Baba alikigawa mara mbili, nusu yangu na nusu ya mdogo wangu, akapanda masale katikati. Masale ni majani tu, marefu na ya kijani, na kwetu yakishasimama mahali hakuna anayebishana nayo. Lakini hayazuii macho. Unaona jirani anapika nini, na yeye anaona nani kashuka kwenye gari na amebeba nini. Kulikuwa na mwanya pia, ambapo wake zetu walipita kuombana chumvi, au kiberiti, au mtu wa kumshikia ng'ombe.

Mwanangu alidhani nakubali kwa sababu ya nyumba mpya aliyotujengea, yenye madirisha makubwa. Sivyo. Nilikubali kwa sababu nilikuwa naogopa.

Mwaka ule tulikuwa na mtamba wa kisasa, mimba yake ya kwanza, amekaribia kuzaa. Mke wa mdogo wangu alipita kwenye mwanya akaja kumwangalia. Akasimama mlangoni mwa banda akasema, "Mungu wangu, kiwele hiki! Huyu atawapa maziwa mpaka muoge." Alisema akicheka. Siku chache baadaye mtamba akatupa mimba. Bwana mifugo alikuja, akasema ni ugonjwa, akautaja na jina. Nilimwitikia. Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne, na nimefanya ukarani kwenye ghala la kahawa mjini Moshi mpaka nikastaafu. Najua ugonjwa ni nini. Lakini tangu siku ile, kila nilipomwona yule mama ameelekeza uso kwetu, nilikumbuka maneno yake juu ya kiwele kile. Nikaanza kufunika ndoo ya maziwa kutoka bandani hadi jikoni. Godoro jipya nililiingiza kwa mlango wa nyuma. Mjukuu alipoletwa kusalimia, nilimvalisha kofia iliyomfunika hadi nyusi, na jua lilikuwa kali.

Nikashuka mjini. Kuna vijana wanauza miche kando ya barabara, imepangwa kwenye viriba vyeusi, nyuma yake mtaro wa maji.

"Shikamoo mzee. Nikupe nini? Parachichi? Ndimu?"

"Marahaba. Nataka kitu cha kuzuia macho."

Akacheka. "Ya majirani au ya wakwe?"

"Ya yeyote mwenye nayo."

Akanizungusha bustani nzima. Michongoma ni mizuri, alisema, hata mbuzi hapiti, ila nitangoja mpaka wajukuu waoe. Mikrismasi inapanda upesi, lakini chini yake hauoti hata mchicha. Mianzi itamfuata jirani hadi chumbani, tutapelekana baraza la ardhi. Bogenvilia inataka mtu wa kuikata kila mara, la sivyo inalala chini kama mlevi.

"Inayowahi kuliko zote ni ipi?"

Akajikuna shingo. "Inayowahi ni minyaa. Hiyo siwezi kukuuzia, nitakuwa mwizi. Teremka tambarare, ukakate vijiti, uchomeke. Hata ukichomeka kichwa chini inaota. Mwaka wa pili humwoni mtu." Kisha akaongeza, huku ameshageukia mteja mwingine, "Ila macho, mzee. Utomvu wake si wa kuchezea."

Nilipofika nyumbani nikamwambia mke wangu nimepata. Yeye ni mtu wa tambarare, alizaliwa chini ya reli, kwenye nchi ya vumbi na mifugo, huko ambako maboma mengi yamezungushiwa minyaa. Aliweka chini ungo wake.

"Usilete mti ule hapa."

"Kwa nini? Kwenu si ndio ua wenu?"

"Ndiyo maana nakwambia. Kwetu kulikuwa na mama mmoja, jirani yetu, alikuwa anaongozwa na mjukuu kwa fimbo. Tone moja la utomvu kila jicho. Nilikuwa mdogo, nilikuwa nikimwona namkimbia."

"Tutakuwa waangalifu."

"Wewe utakuwa mwangalifu. Anayekata majani ya ng'ombe ni mimi."

"Unataka nini basi? Michongoma inachelewa."

"Unamwahi nani, baba?"

Nisingeweza kumwambia kwamba naliogopa jicho la shemeji yangu. Angenicheka, kisha angekasirika, kwa kuwa walikuwa wanapendana wale wawili. Nikaenda tambarare na pikipiki ya kukodi, nikarudi na mzigo wa vijiti umefungwa kwa turubai. Nilivipanda ndani ya masale, upande wangu, kwa mstari mmoja uliobanana. Mdogo wangu alikuja akasimama upande wake, jembe begani.

"Kaka, masale ya baba hayatoshi?"

"Nazuia upepo. Unaangusha migomba."

"Upepo unatoka kwangu?" Alitabasamu kidogo, akangoja nami nitabasamu. Kisha akaenda zake.

Mwanya niliuacha mwisho. Asubuhi moja nilikuwa nimeinama hapo nachomeka vijiti vya mwisho, nikaona miguu ya mke wake mbele yangu. Alikuwa amebeba bakuli la mtori wa ndizi limefunikwa sahani, anampelekea mke wangu aliyekuwa na homa.

"Na mimi nipite wapi, shemeji?"

"Barabara ipo," nikasema.

Hakugombana nami. Alinipa bakuli kwa juu ya vijiti, akaniambia nisilimwage.

Yule muuza miche hakuwa mwongo. Masika mawili yalitosha. Minyaa ilishikana, matawi yake ya kijani kama vidole, ikapita kimo changu, ikapita paa la banda. Sikumwona tena shemeji wala moshi wa jiko lake. Kwa muda nililala vizuri.

Kisha ukaja wakati wa kuikata. Nilivaa koti la mvua na miwani niliyonunua kwa mchomea vyuma, nikafunga kitambaa mdomoni. Kila nilipopiga panga, utomvu mweupe uliruka. Tone moja liliangukia kifundo cha mkono mahali mkono wa koti ulipopanda, na jioni ngozi ilikuwa imevimba kama imeunguzwa na mafuta ya kukaangia. Niliangalia pale mkononi nikawaza jicho. Tangu hapo kuwaza jicho ikawa kazi yangu ya kila siku.

Disemba ilikuwa mbaya zaidi. Watoto na wajukuu wanarudi, nyumba inajaa, mbuzi wa ndafu anachomwa, nami nimeketi kwenye kiti nimeelekea ua badala ya watu. Mara moja mpira uliingia kwenye minyaa, na mjukuu mmoja, wa miaka kama minne, akaufuata mikono mbele. Nilipiga ukelele ambao sikujua ninao. Mtoto aliganda, akajikojolea pale pale. Mama yake alimbeba, akaniangalia kama mtu asiyenijua.

"Babu ana nini na ule ua?" nilisikia wakiulizana jikoni.

Mke wangu ndiye aliyepita hapo kila siku, asubuhi na jioni, kwa sababu njia ya bandani inafuata mpaka. Akienda na mzigo wa majani kichwani, nilikuwa naita kutoka barazani.

"Umefika?"

"Nimefika!"

"Hujagusa?"

"Nimegusa wapi? Hebu niache nifanye kazi."

Alikuwa ameuzoea mti ule tangu utotoni kama mtu anavyomzoea mbwa mkali: hamwamini, lakini anapita. Mimi sikuuzoea.

Halafu nikaanguka kwenye ngazi za jikoni, nyonga ikaharibika, na kuanzia hapo natembea na mkongojo. Minyaa ikakosa mkataji. Nilimwita fundi mmoja mwenye msumeno wa mashine. Alifika, akaitazama kutoka mbali, akauliza, "Mzee, hii ni ile?" Nikamwambia ndiyo. Akarudisha msumeno kwenye pikipiki. "Hii mimi siigusi. Nina watoto." Mwanangu kwenye simu alisema nisubiri, akija Disemba tutatafuta watu. Matawi ya juu yakawa mazito, yakainama juu ya njia ya banda. Mvua ikinyesha nilikuwa nayasikia yakisuguana, na nilimkataza mke wangu kupita mpaka upepo utulie.

Masika yaliyofuata upepo ulishuka kutoka mlimani usiku kucha. Asubuhi tawi moja kubwa lilikuwa limelala njiani, limeziba mlango wa banda, na ng'ombe ndani analia kwa njaa.

"Ningoje," nilimwambia mke wangu. "Nachukua koti na miwani."

Koti lilikuwa msumarini. Miwani sikuiona. Nilitafuta juu ya kabati, nikatafuta kwenye droo, ng'ombe analia, na mguu wangu mzito. Nikasikia panga likipiga. Likapiga tena. Kisha nikasikia, "Baba!"

Nilimkuta amepiga magoti kwenye tope, viganja vimefunika uso. Kanga yake ilikuwa na matone meupe kifuani.

"Usiniguse! Nitafutie maziwa ya mzazi! Mbio, baba, yanawaka!"

Huko kwao ndivyo walivyofanya. Utomvu ukiingia jichoni, anatafutwa mama anayenyonyesha, akakamuliwa matone machache. Nami nilikuwa nimelisikia jambo hilo kwake mara nyingi, na tena nilikuwa nimesikia, sijui wapi, kwamba maji yanausambaza utomvu. Nyuma ya minyaa, nyumbani kwa mdogo wangu, mkwe wao alikuwa amejifungua. Alikuwa bado ndani, hajatolewa nje, kama desturi yetu ilivyo.

Mke wa mdogo wangu alikuwa ameshasikia kelele. Sauti yake ikatoka ndani ya majani, karibu kabisa, kama ningenyoosha mkono ningemgusa.

"Kuna nini huko? Shemeji! Nani analia?"

"Minyaa! Imemwingia machoni!"

"Mwagieni maji! Maji mengi, shemeji! Hamna maji hapo?"

Maji yalikuwepo. Bomba la ng'ombe liko ukutani mwa banda, na chini yake ndoo ilikuwa imejaa mpaka inamwagika. Niliitazama ile ndoo. Sitaki kujitetea hapa. Niliitazama nikawaza, mbona ananihimiza hivi? Nikakumbuka mtamba. Mke wangu alikuwa anaungua mbele yangu, na mimi nilikuwa napima neno la mtu kwa sababu ya mimba ya ng'ombe.

"Nipatie maziwa ya mkwe wako!" nikapiga kelele.

"Njoo," akasema.

Nije wapi? Nilitazama pale palipokuwa na mwanya. Palikuwa na mashina manene kama paja. Nikamwambia mke wangu asitoe mikono usoni, asiguse maji, nakuja. Nikatoka kwa geti. Njia yetu inashuka hadi barabara kubwa ya mawe, inapita chini ya kanisa, ndipo unapanda njia yao. Tope lilikuwa linateleza, mkongojo unazama, na nilianguka mara moja nikatambaa mpaka nikapata jiwe la kushikilia. Jirani mmoja alinisalimia kutoka shambani. Nilipita bila kumwitikia.

Kwa desturi, mimi ni baba mkwe wa yule binti kama alivyo mdogo wangu. Mlango wa chumba cha mzazi siusogelei, na habari za mwili wake hazitoki kinywani mwangu. Nilisimama chini ya upenu nimeangalia chini, navuja tope, nimekuja kuomba maziwa ya kifua chake. Shemeji aliingia ndani na kikombe cha chai. Nikasikia wananong'ona, kisha mtoto akalia, ameondolewa kwenye ziwa. Alipotoka, maziwa yalikuwa yamefunika kitako cha kikombe tu.

"Nimekwambia maji, shemeji."

"Nimesikia."

"Shika. Mimi natangulia."

Alivua kandambili akakimbia peku. Nilimfuata na kile kikombe, kiganja kimefunika mdomo wake, na kila hatua niliogopa kumwaga. Nilipofika, alikuwa ameshamfikisha mke wangu kwenye bomba, amemwinamisha, anamfumbua jicho kwa vidole na maji yanapita. Mke wangu alikuwa anamshika kiunoni, analia kama mtoto.

"Mwache!" nikapiga kelele. "Unausambaza!"

"Shemeji, acha, tafadhali, acha nimwoshe..."

Nilimshika mkono nikamtoa. Nilifunga bomba. Nikamlaza mke wangu kichwa kwenye paja langu, nikamimina maziwa, nusu jicho la kulia, nusu la kushoto. Alitulia kidogo, nikafikiri yamefanya kazi. Kisha akaanza kutetemeka.

Mdogo wangu alileta gari la mtu. Hospitalini mjini walimwosha kwa maji ya chupa, chupa baada ya chupa, mpaka sakafu ikawa dimbwi. Daktari alikuwa binti mdogo, ana heshima.

"Shikamoo baba. Nyumbani mlimwosha na nini?"

"Maziwa ya mzazi."

Aliandika. "Na maji? Maji yalikuwa karibu?"

"Yalikuwepo."

"Mlimwosha kwa muda gani?"

"Kidogo," nikasema.

Mke wa mdogo wangu alikuwa ameketi kwenye benchi nyuma yangu, nguo zimelowa, kichwa cha mke wangu kimelala begani mwake. Nilingoja aseme. Alikuwa anamfuta mke wangu pua kwa pindo la kitenge chake.

Daktari alinieleza polepole. Utomvu unaendelea kuchoma wakati wote uliomo, ndiyo maana maji yanatakiwa papo hapo na kwa wingi. Maziwa hayauondoi, na yanaweza kuingiza vijidudu kwenye kidonda. Aliniambia tusubiri tuone. Tukasubiri. Kidonda kilikaa kwenye kioo cha macho yote mawili, kikatunga usaha, tukawa watu wa kupanda na kushuka na chupa za dawa. Mchana nilimdondoshea matone, na mengi yalikuwa yanaangukia shavuni hata akaomba shemeji ndiye awe anamtia. Shemeji alikuja kila siku, akizunguka kwa barabara.

Siku waliyofungua bandeji kwa mara ya mwisho niliogopa kuingia. Niliingia. Daktari alinyoosha vidole mbele yake.

"Mama, hivi ni vidole vingapi?"

Mke wangu aligeuza uso huku na huku, kama anayetafuta nzi. "Unaniuliza mimi?" akasema. "Kwani uko wapi?"

Mdogo wangu na wanawe walikuja kuikata minyaa. Walijifunga nguo usoni, wakavaa miwani, wakaikata na kuichoma kwa siku kadhaa. Hakuna aliyenitupia neno. Lakini mti ule kila kipande kilichodondoka kiliota. Vikaota kwenye njia ya banda na nyuma ya jiko, na kimoja karibu kabisa na ngazi ya mlango. Niling'oa nilivyoviona, mvua ikaja vikaota vingine. Mke wangu aliacha kutoka nje. Alikuwa anakaa kitandani, na nikifungua mlango anauliza, "Umenawa mikono?" Nikimshika mkono kumpeleka chooni, anaunusa kwanza. Usiku upepo ukivuma aliniamsha aniulize kama minyaa imeisha. Nilimwambia imeisha. Alijua naongopa, kwa sababu nilikuwa namvusha juu ya vichipukizi bila kumwambia ni nini.

Binti yetu wa Arusha alikuja kumwangalia, akakaa wiki moja, akaona. Akamuuliza mama yake mbele yangu, "Mama, unataka kukaa hapa?" Nilidhani atasema ni kwake, atakaa.

"Naogopa hapa," akasema. "Nipeleke."

Nilimsaidia kupanda gari. Alipapasa uso wangu, pua, ndevu, kisha akauliza kama nimefunga vizuri mlango wa banda.

Mke wangu haoni kabisa kwa jicho la kulia, na la kushoto linaona mwanga wa mlango tu. Anaishi Arusha kwa binti yetu, na hatarudi Kibosho. Mimi nabaki hapa peke yangu. Hicho ndicho nilicholipa kwa kupanda minyaa.